UZI: Viboksi vya kilo 13 na nusu vilivyofika Mirihi kwa kudandia. Bei chee ni ya kweli au ni chumvi?

Ngosha wa Minara (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi kwenye ule uzi wa bajeti kuna mdau kaandika kwamba siku hizi kupeleka chombo sayari nyingine ni hela ya nyumba chache za Masaki, nchi yoyote inaweza, na watu wakagonga laiki kibao. Mimi kazi yangu ni minara ya simu, antena ndo zinanilisha, kwa hiyo nikaona niilete mada hii kivyake tuichambue, maana kuna ukweli humo ndani na kuna chumvi nyingi.

Mfano mzuri kuliko yote ni MarCO. Ni vyombo viwili vilivyorushwa tarehe 5 Mei 2018 kutoka Vandenberg, California, kwenye roketi ileile iliyoibeba InSight, ile ya NASA iliyoenda kusikiliza matetemeko ya ardhi ya Mirihi. Kila kimoja kina urefu wa sentimita 36 na ushee, upana 24, unene 12, uzito kilo 13 na nusu, yani unakibeba kwa mkono mmoja unapanda nacho daladala na konda hakudai nauli ya mzigo. Jamaa wa JPL, ile maabara ya NASA iliyovitengeneza, wakavibatiza EVE na WALL-E. Vyote viwili vimekula dola milioni 18.5 wakati InSight peke yake kwa upande wa Marekani ilipita milioni 800.

Kazi yao ilikuwa moja tu. InSight ikiwa inashuka inatuma taarifa kwa redio ya UHF, redio ya umbali mfupi, taarifa zake hazisomeki mpaka Duniani. Kulikuwa na chombo kikubwa juu ya Mirihi, MRO, kinasikia, lakini chenyewe hakiwezi kupokea UHF na hapohapo kurusha kwenda Duniani, kinarekodi kwanza alafu kinakuja kutuma baadae, kwa hiyo watu wangekaa masaa hawajui kama mtoto kazaliwa salama au vipi. MarCO vikawa vinapita pembeni, vinadaka UHF mkono huu na mkono ule vinarusha kwenda nyumbani. Tarehe 26 Novemba 2018 pale kontroo ya JPL walifuatilia hatua zote, parachuti, injini, miguu kugusa chini, kwa kuchelewa dakika 8 tu ambazo ni mwendo wa mawimbi yenyewe. Hata picha ya kwanza ya InSight ikiwa chini, ile yenye vumbi limetapakaa kwenye kifuniko cha lenzi, imepitia huko.

Sasa hoja yangu. Watu wote wanashangaa udogo. Udogo sio ishu, kupunguza boksi kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye redio, na kwenye nani kalipia barabara. Ngoja nipate chai nakuja kumalizia.

Kipanga Jr

Niko siti ya mbele mkuu, usitukimbie

mhasibu_mkorofi

Milioni 18.5 za dola kwa rate ya mwaka ule ni zaidi ya bilioni 40 za kwetu. Sijaona uchee hapo. Alafu mleta uzi roketi kalipa nani? Mbona hiyo huitaji.

Ngosha wa Minara

mhasibu_mkorofi ndo huko huko naelekea, usinipige kabla sijamaliza.

Nianze na redio. Nguvu ya mawimbi inapungua kwa mraba wa umbali. Setilaiti ikipita kilomita 400 juu ya kichwa chako unaidaka hata kwa antena ya waya uliyochonga mwenyewe. Siku ile Mirihi ilikuwa kilomita milioni 146 kutoka hapa. Umbali umeongezeka mara laki tatu na sitini na kitu, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, utaona mawimbi yanafika yamedhoofika mara zaidi ya bilioni 100. Ukiwa na shida hiyo una njia tatu tu, uongeze umeme wa kurushia, uongeze ukubwa wa antena ya kule, au uongeze ukubwa wa antena ya huku.

Umeme hauna, kile kiboksi kina paneli mbili za sola ndogo na jua la Mirihi halifiki hata nusu ya la kwetu. Antena ya kule, MRO ina sahani ya mita 3, hiyo ukiiweka kwenye kiboksi ni kichekesho. Hapa ndo wale jamaa walinikosha kweli. Walitengeneza antena bapa, bapa tatu zenye bawaba zinakunjwa ubavuni mwa chombo, kikifika angani zinafunguka zenyewe. Juu ya hizo bapa wamechapa vipande vya shaba vyenye saizi tofauti tofauti, kila saizi inalichelewesha wimbi kidogo kivyake, mwisho wa siku mawimbi yote yanatoka yamenyooka upande mmoja utadhani yametoka kwenye sahani ya kupinda. Mtu wa antena akiona kile kitu anakaa chini. Na pamoja na ujanja wote huo spidi waliyopata ni kilobiti 8 kwa sekunde. Nane!

Inabaki antena ya huku. Huku wanatumia mtandao wa NASA wenye vituo Goldstone California, Madrid na Canberra, masahani ya mita 34 na mengine mita 70. Gharama ya kuyajenga hayo haimo kwenye milioni 18.5. Roketi nayo ilishalipiwa na InSight. Kwa hiyo mhasibu jibu lako ni hilo, vimedandia. Vimedandia roketi na vimedandia masikio.

mhasibu_mkorofi

Basi bei sio hiyo. Mtu akidandia lori la mkaa toka Tunduru hawezi kusema nauli ya Dar ni bure. Ukitaka bei halisi chukua kiboksi chako mwenyewe, roketi yako mwenyewe, alafu omba zamu kwenye sahani la mita 70 uone foleni.

dada_wa_obiti

Kaka mhasibu una hoja ila unaibania sana. Kila safari ya anga inadandia kitu fulani, hata hizo kubwa hazikujenga masahani mapya, yamekuwepo tangu miaka ya 60. Swali ni nyongeza ya gharama kwa safari hiyo mpya ni shilingi ngapi. Na hapo viboksi vimebadilisha mchezo.

Kwa wasiojua vilikotoka. Mwaka 1999 maprofesa wawili, Bob Twiggs wa Stanford na Jordi Puig-Suari wa Cal Poly, walitaka wanafunzi wao waweze kutengeneza setilaiti wakaimaliza kabla hawajahitimu. Wakaweka kipimo, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wakauita CubeSat, sisi darasani tunasema kyubusati basi. Ukitaka kikubwa unaunganisha michemraba, MarCO ni sita. Faida yenyewe ni ule mlango, yani boksi la kurushia ni la kipimo kimoja, mwenye roketi hana haja ya kujua ndani umeweka nini, anapima tu kama unaingia na kama hutamlipukia.

Msee wa Rongai

Wadau wa Bongo, nawapata. Ngoja niongeze kitu ambacho wengi hawajui, hiyo Mei 2018 wakati MarCO zinaenda Mirihi, siku sita baadaye yani 11 Mei, kyubusati ya kwanza ya Kenya 1KUNS-PF ikaachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa, kwa ile moduli ya Wajapani, Kibo. Chuo Kikuu cha Nairobi hicho. Mchemraba mmoja tu. Halafu 2023 mwezi wa nne tukapeleka Taifa-1, hiyo ilikula kama milioni 50 za Kenya. Uganda nao wana PearlAfricaSat-1 ya 2022, Rwanda walitangulia na RwaSat-1 2019. Kwa hivyo kipimo ni kilekile, boksi ni ile ile, kinachotuzuia kwenda mbali ni nini hasa?

Na msisahau Malindi jameni. Uhuru ilirushwa hapo baharini tarehe 12 Desemba 1970 kwa jukwaa la Waitaliano, setilaiti ya kwanza duniani kufanya kazi ya eksirei za nyota tu. Ilikuwa na kilo kama 140 hivi, kwa sasa hiyo ni ndogo.

Dogo wa Makumbusho

samahani wakubwa, swali la kizembe labda. kwanini wasichukue hiyo kyubusati ya kawaida inayozunguka dunia wakaiongezea mafuta tu iende mirihi. si boksi ni ileile kama anavyosema bro wa kenya

Ngosha wa Minara

Dogo swali lako sio la kizembe, ndo swali lenyewe.

Kyubusati ya kawaida ikiwa hapa juu inageuka kwa kutumia sumaku ya Dunia. Ndani ina koili za waya, ukipitisha umeme zinasukumana na sumaku ya Dunia na chombo kinazunguka taratibu, hakuna mafuta wala nini. Ukitoka huku ukaenda huko mbali ile sumaku haipo, koili zinabaki mapambo. Unatumia magurudumu madogo ya ndani yanayozunguka, sawa, ila kila siku mwanga wa jua unakisukuma chombo kidogo kidogo, magurudumu yanalimbikiza mzunguko mpaka yanafika mwisho wa spidi na lazima uyapunguze kwa kutoa gesi. Kwa hiyo tayari umelazimika kuwa na tanki, mabomba na vali hata kama hutaki kwenda popote. Alafu ukiwa huku unajua ulipo kwa GPS, kule GPS haifiki, inabidi wale wa Goldstone na Madrid wapime mawimbi yako yamechukua muda gani na yamebadilika vipi ndo wakwambie uko wapi, kwa hiyo redio yako lazima irudishe mawimbi kwa usahihi mkubwa sana, na redio ya namna hiyo JPL walikaa miaka kuipunguza ikaenea kiganjani, inaitwa Iris. Weka na mionzi, huku sumaku ya Dunia inakukinga kiasi, kule chipu ya dukani inapigwa mpaka inasahau jina lake.

Kwa hiyo boksi ni ileile kwa nje tu. Ndani ni mnyama mwingine.

Baba Swaumu

Watu hawana maji huku kwetu nyie mnajadili Mirihi. Afrika bwana.

Kipanga Jr

@Baba Swaumu uzi wa maji uko jukwaa la pili kushoto mzee wangu, karibu sana na huku pia

dada_wa_obiti

Kaka Ngosha umegusa vali, hapo ndo nilikuwa nasubiri. Kama kuna kitu kimoja kinaua hivi vyombo vidogo, ukiacha umeme, ni vali.

WALL-E mwenyewe vali yake ya gesi ilikuwa inavuja njia nzima, mafundi wakawa wanaipigia mahesabu kila siku ili isiwapotezee mwelekeo. Gesi ilikuwa ni aina ile ya mitungi ya kuzimia moto, walichagua kwa sababu haiwaki wala haina shida ukiiweka jirani na mzigo wa dola milioni 800. LunaH-Map ya Arizona, iliyokuwa iende kutafuta maji kwenye ncha ya kusini ya Mwezi, vali ikaganda baada ya kukaa kwenye roketi muda mrefu, haikuingia kwenye mzunguko wa Mwezi kabisa. CAPSTONE nayo, chombo kingine kidogo cha Mwezini, vali ikabaki imefunguka nusu.

CAPSTONE ndo niipendayo kuliko zote nisemeni mtakavyo. Kilo 25, ikarushwa tarehe 28 Juni 2022 kutoka Mahia, New Zealand, kwa roketi ndogo ya Rocket Lab, haikudandia ya mtu. Mradi mzima karibu dola milioni 30. Imeachana na roketi tarehe 4 Julai, mawasiliano yakakatika, yakarudi. Mwezi wa tisa inarekebisha njia ikaanza kujizungusha hovyo, paneli hazioni jua vizuri, baridi ikapiga mpaka mafuta yakaganda kwenye mabomba. Chombo kinazunguka, hakina umeme, hakina mafuta ya maji maji. Wakakaa karibu mwezi mzima wanakilisha umeme kidogo kidogo kwenye hita, wanasubiri mafuta yayeyuke, huku wanafanya majaribio ya amri watakazotuma. Tarehe 7 Oktoba wakaituliza, tarehe 13 Novemba ikaingia mzunguko wa Mwezi kama ilivyopangwa.

mhasibu_mkorofi

Hadithi tamu dada ila tuletee na zile zilizokufa. Artemis I, safari ya roketi kubwa ya NASA kwenda Mwezini, mwaka huohuo ilibeba viboksi kumi. Vingapi vilifanya kazi yake?

dada_wa_obiti

Sivifichi. Artemis I iliondoka tarehe 16 Novemba 2022 na kumi. NEA Scout ya NASA yenye tanga la jua la mita za mraba 86 haikusikika hata mara moja. OMOTENASHI ya Japani ilibeba kachombo kasikofika kilo moja kakatue Mwezini, ikatoka inazunguka na paneli zimegeukia kusiko na jua, betri ikaisha. CuSP ilisikika kidogo ikanyamaza. Kwa upande wa pili EQUULEUS ya Wajapani ilikwenda vizuri, inajisukuma kwa mvuke wa maji tu, BioSentinel yenye hamira ya kupimia mionzi ilifanya kazi, ArgoMoon ya Waitaliano ikapiga picha zake.

Ila angalia sababu. Hivyo viboksi vilipakiwa mwaka 2021, roketi ikaahirishwa ikaahirishwa, na baadhi havikuwa na namna ya kuchajiwa vikiwa mle ndani. Zaidi ya mwaka kwenye giza. Betri ya simu yako tu ukiiacha kabatini mwaka mzima unajua inavyokuwa.

Ngosha wa Minara

Na hapo dada unanisaidia mimi, sio upande wako. Ukidandia unakwenda kwa ratiba ya mwenye gari. Janus mnaikumbuka? Vyombo viwili vidogo, vimeshatengenezwa, vilikuwa viende kuangalia asteroidi, yani miamba ya angani, zinazotembea mbili mbili, vikapangwa kuondoka kwenye roketi moja na Psyche, chombo kikubwa cha NASA, mwaka 2022. Psyche ikachelewa mpaka Oktoba 2023 kwa matatizo yake yenyewe, na kwa tarehe mpya zile asteroidi zilikuwa hazifikiki tena. Janus haina kosa hata moja. 2023 ikafutwa, vyombo vikaenda stoo.

Ndo maana nasema ule upungufu wa bei haujapatikana bure, umenunuliwa kwa uhuru. Mwenye kiboksi hachagui siku, hachagui njia, hachagui hata kuchaji.

Msee wa Rongai

Lakini buda kuna zile za kubebwa na mama mpaka mlangoni, hizo naona ndio mpango. LICIACube ya Waitaliano, kilo 14, ilibebwa na DART, chombo cha NASA cha kwenda kugonga asteroidi, mpaka karibu na asteroidi yenyewe, ikaachiliwa siku 15 kabla, tarehe 26 Septemba 2022 DART ikagonga Dimorphos na LICIACube ikapita nyuma inapiga picha za vumbi likiruka. Kazi ya dakika chache na imeisha. Hera ya Wazungu iliyoondoka Oktoba 2024 imebeba mbili, Milani na Juventas, zinaenda palepale. Na Hayabusa2 ya Wajapani kule kwenye asteroidi Ryugu 2018 iliachilia viroboti viwili vya kilo moja na kitu, havina magurudumu, vina mota ndani inajizungusha alafu kinaruka kama panzi.

Ngosha wa Minara

Hapo Msee tuko pamoja asilimia mia. Chombo kikubwa kinabaki mbali kwa usalama, kidogo kinatumwa pahali ambapo ukikipoteza hulii. Mawasiliano nayo yanarahisika, kidogo kinaongea na mama kwa kilomita chache, mama ndo mwenye sahani la kuongea na nyumbani. Kila mtu anafanya anachokiweza.

Mimi ninachokataa ni ile ndoto ya kiboksi peke yake kinaenda Zuhura au Mirihi kwa hela ya harusi.

mhasibu_mkorofi

Na msije mkasema tatizo ni uchanga wa viboksi vya sentimita 10. Lunar Trailblazer ilikuwa kilo 200, ikarushwa 26 Februari 2025, siku iliyofuata kimya, paneli hazikuelekea jua vizuri. 31 Julai wakaufunga mradi. Ile ilikuwa na kifaa cha kuchora ramani ya maji ya Mwezi, mamilioni ya dola yamepotea kwa paneli kuangalia pembeni. Hapo ndo mimi kama mhasibu nauliza, tukijumlisha zilizokufa na zilizofika, je bei ya iliyofika bado ni chee?

dada_wa_obiti

Hesabu hiyo ni halali na naikubali. Ila fanya na upande wa pili. Wangeongeza watu wa kupima mara tatu tatu na vifaa vya akiba kila sehemu, hiyo Trailblazer ingekuwa milioni mia tatu na isingeruhusiwa kuanza kabisa. Chaguo halikuwa kati ya ndogo iliyokufa na kubwa iliyofika, lilikuwa ni ndogo au hakuna. Sisi wa maabara tunaliona hilo kila mwaka wakati wa maombi ya fedha.

Ninachowalaumu mimi ni kitu kingine, wanaweka kifaa cha sayansi cha hali ya juu kwenye chombo ambacho walishakubali kukipoteza. Ukishaamua ni safari ya kubahatisha basi weka kifaa cha kubahatisha, au tuma viwili. MarCO walituma viwili pacha. EVE na WALL-E, kimoja kikifa kingine kinamaliza kazi.

Ngosha wa Minara

Tuma viwili, hiyo nakupa dada. Na sasa hivi wapo wanaofanya hivyo, ESCAPADE. Blue na Gold, pacha, wa chuo cha Berkeley, Rocket Lab ndo wamewatengeneza. Vimeondoka tarehe 13 Novemba 2025 kwa roketi ya New Glenn, mradi uko maeneo ya dola milioni 100, vinaenda kupima jinsi upepo wa jua, yani chembe zinazorushwa na jua, unavyoikwangua hewa ya Mirihi, na kwa vile viko viwili kimoja kitapima upepo unaoingia wakati kingine kinapima kinachotoka, kitu ambacho chombo kimoja hata kiwe cha bilioni hakiwezi. Na wamefanya ujanja mwingine, njia ya Mirihi hufunguka kila baada ya miezi 26 na wao wameondoka imefungwa, kwa hiyo vinazurura kwanza kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa, Novemba 2026 vinarudi kupita karibu na Dunia kuchukua kasi, vifike Mirihi Septemba 2027. Kwa hiyo safari hii vyombo vidogo vimeweza kuondoka mapema na kusubiri njia ifunguke.

mhasibu_mkorofi

Sawa. Nimeweka alama kwenye kalenda, Septemba 2027 narudi kwenye uzi huu na kikokotoo changu. Vikifika vyote viwili nawanunulia chipsi kuku wote mliochangia, Baba Swaumu naye namletea maji.

Dogo wa Makumbusho

wakuu kuna vali ya WALL-E, je MarCO ziliishia wapi? na mimi naanzaje hii kazi ya kudaka mawimbi, sina hela ya sahani

Ngosha wa Minara

MarCO hazikuwa na mafuta ya kusimama Mirihi, zilipita moja kwa moja zikaendelea kuzunguka jua. WALL-E alisikika mara ya mwisho tarehe 29 Desemba 2018, EVE tarehe 4 Januari 2019, mpaka leo ziko huko zinazunguka.

Kuhusu wewe, tafuta kale kadude ka USB ka kunasia redio kanaitwa RTL-SDR, laptop yoyote, na waya mbili ngumu za shaba kila moja sentimita 53, zifunge ziachane nyuzi 120, zilale sambamba na ardhi, mdomo wa hiyo V uangalie kaskazini au kusini kwa makadirio. Setilaiti za hali ya hewa za Warusi aina ya Meteor zinapita na masafa yake ni megahezi 137.9, unadaka picha ya mawingu mwenyewe juu ya bati la kwenu. Panda ghorofa, kaa mbali na taa za elidii maana zina kelele sana. Ukikwama njoo inboksi.